Vijidudu Wanaotoa Gesi Kwenye Makaa ya Mawe: Kinachowezekana na Kisichowezekana

Habari kwamba bakteria wanaweza "kula" makaa ya mawe na kutoa gesi ya kupikia huibuka kila baada ya muda, na kila ikiibuka huzua mabishano yaleyale. Wapo wanaoamini kwamba makaa yote yaliyo ardhini yatageuzwa gesi bila mtu kushika sururu. Wapo wanaouliza kama wanaweza kutia makaa kwenye mtambo wao wa bayogesi badala ya samadi. Wengine huhofia kwamba vijidudu hao wakiachiwa hawatazuilika. Na wengi hulichanganya jambo hili na uchomaji wa makaa chini ya ardhi, ambao ni kitu kingine kabisa. Jambo lenyewe ni la kweli, limepimwa, na linatokea sasa hivi chini ya ardhi bila msaada wa binadamu. Kinachopotoshwa ni kiasi na kasi yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea iliyozama kwenye vinamasi mamilioni ya miaka iliyopita, ikafunikwa na udongo, ikabanwa na kupashwa joto hadi ikawa mwamba mweusi unaoungua. Methani ni gesi nyepesi isiyo na rangi wala harufu, yenye atomu moja ya kaboni na nne za hidrojeni. Ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, na ndiyo inayowaka kwenye jiko la bayogesi. Bayogesi ni mchanganyiko unaotolewa na vijidudu wanapoozesha vitu mahali pasipo na hewa: methani, kaboni dioksidi, na kiasi kidogo cha gesi nyingine. Bayogesi ya makaa basi ni gesi inayotengenezwa na vijidudu wa ukoo mmoja na wale wa kinamasi na wa tumbo la ng'ombe, ila chakula chao ni makaa.

Kuna mambo mawili yanayofanana na hili kwa jina tu. La kwanza ni kugeuza makaa kuwa gesi kwa moto: hewa au oksijeni husukumwa kwenye tabaka la makaa, makaa huwashwa hukohuko chini, na gesi inayotoka huwa na kaboni monoksidi na hidrojeni kwa wingi. Joto lake hufika mamia ya nyuzi, na hakuna kijidudu anayehusika. La pili ni kuvuna gesi iliyokwisha kuwamo katika tabaka la makaa: mtu huchimba kisima, huvuta maji, shinikizo hushuka, gesi iliyonata kwenye makaa huachia na kupanda. Hapo gesi inavunwa tu, haitengenezwi. Tunachozungumzia hapa ni hatua ya ziada, yaani kuwachochea vijidudu watengeneze gesi mpya.

Asili ilitangulia

Mwaka 1776 Mtaliano Alessandro Volta alikoroga matope ya ziwa Maggiore, akakusanya mapovu yaliyopanda na kugundua kwamba yanawaka. Ile ilikuwa methani ya vijidudu. Ilichukua muda mrefu kutambua kwamba kazi hiyohiyo hufanyika pia ndani ya matabaka ya makaa, mamia ya mita chini ya ardhi.

Ushahidi wake umo kwenye kaboni yenyewe. Kaboni ina aina mbili thabiti, moja nyepesi (kaboni-12) na moja nzito kidogo (kaboni-13). Vijidudu hupendelea ile nyepesi kwa sababu vifungo vyake huvunjika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo methani waliyoitengeneza huwa na upungufu mkubwa wa kaboni-13: ikilinganishwa na kipimo rejea cha kimataifa, hupungua kwa zaidi ya sehemu 55 au 60 kwa elfu. Methani iliyopikwa na joto la ardhini huwa na upungufu mdogo kuliko huo, kwa kawaida sehemu 50 kwa elfu kushuka hadi 20. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, maana kuna eneo la katikati ambapo majibu hupishana. Ndiyo sababu wataalamu hupima pia hidrojeni ya gesi hiyo na kuangalia kama imeambatana na ethani na propani, gesi ambazo joto huzitoa kwa wingi na vijidudu huzitoa kwa uchache sana.

Kwa vipimo hivyo ilibainika kwamba bonde la Powder River, linalogusa majimbo ya Wyoming na Montana nchini Marekani, limejaa gesi ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya vijidudu. Bonde la Surat katika jimbo la Queensland, Australia, nalo lina gesi nyingi ya asili hiyo. Hivyo swali la wataalamu si kama vijidudu wanaweza kufanya kazi hii. Swali ni kama kazi iliyowachukua maelfu au mamilioni ya miaka inaweza kufanywa kwa miezi.

Kwa nini makaa ni mlo mgumu

Mmea una selulosi, sukari ndefu ambayo vijidudu wengi huweza kuikata. Ukiwa kinamasini, selulosi huliwa mapema na kuisha. Kinachobaki zaidi ni lignini, ile dutu inayoufanya mti uwe mgumu, na hiyo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya makaa. Lignini imejengwa kwa pete za kaboni, kila moja ikiwa na atomu sita, zilizounganishwa kwa madaraja ya oksijeni na kaboni. Kadiri makaa yanavyokaa chini na kupashwa joto, madaraja hayo hukatika, oksijeni hutoka, na pete huungana zenyewe kwa zenyewe hadi kuwa bamba moja gumu.

Hapo ndipo aina za makaa zinapotofautiana. Ligniti, makaa machanga ya kahawia, bado ina oksijeni nyingi na madaraja mengi ya kukatwa. Makaa ya daraja linalofuata, chini kidogo ya bitumini, yana kiasi cha kutosha, na hayo ndiyo ya Powder River. Makaa ya bitumini huwa magumu zaidi kwa vijidudu, ingawa huwa na mafuta na nta ndogondogo zilizonaswa ndani ambazo zinaweza kuliwa. Anthrasiti ni karibu kaboni tupu, na kwa kijidudu haina tofauti kubwa na jiwe. Anayedai kupata gesi nyingi ya vijidudu kutoka anthrasiti anapaswa kuulizwa kwanza alichanganya nini kingine kwenye chupa.

Ugumu wa pili ni wa umbo, na huu husahaulika sana. Bakteria ana urefu wa takriban mikromita moja, wakati vitundu vingi vya ndani ya makaa havifiki nanomita 2, yaani ni vidogo mara mia tano au zaidi. Kijidudu hawezi kuingia humo, wala kimeng'enya chake kikubwa, yaani protini anayoitumia kukata chakula. Anaishi kwenye nyufa za asili zinazolikata tabaka la makaa, na anakula kile kinachofikika kwenye kuta za nyufa hizo au kinachoyeyuka polepole kuingia majini. Makaa yaliyo sentimita chache tu nyuma ya ukuta yanaweza kubaki kama yalivyo kwa karne nyingi.

Kazi ya kupokezana

Hakuna kijidudu mmoja anayekula kipande cha makaa na kutoa methani upande wa pili, ukiacha hali moja nitakayoitaja. Kazi ni ya jumuiya nzima, na ni kama msururu wa watu wanaopokezana ndoo za maji kwenye moto: akisimama mmoja, wote husimama.

Wa kwanza ni bakteria wanaokata. Hawa hutoa vimeng'enya vinavyong'oa vipande kutoka makaa: pete mojamoja, minyororo ya mafuta, asidi ndefu. Wa pili huvichachusha vipande hivyo kuwa asidi fupi, pombe, hidrojeni na kaboni dioksidi. Wa tatu huvunja asidi fupi kuwa asidi ya asetiki (ileile ya kwenye siki) na hidrojeni zaidi. Wa mwisho ni watengeneza methani. Hawa si bakteria. Ni arkea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977 baada ya kulinganisha chembe zao za kurithi na kuona kwamba ni tawi la peke yake la uhai.

Watengeneza methani wana njia kuu tatu. Baadhi huchukua molekuli moja ya kaboni dioksidi na nne za hidrojeni, wakatoa methani moja na maji mawili. Wengine huigawa asidi ya asetiki katikati: nusu methani, nusu kaboni dioksidi. Wengine hutumia vikundi vidogo vyenye kaboni moja, kama methanoli. Ile hali ya pekee imo katika njia hii ya tatu: mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha katika jarida la Science kwamba arkea aitwaye Methermicoccus shengliensis anaweza kung'oa mwenyewe vikundi vya methoksi (kaboni moja iliyoshikwa kwa oksijeni) vilivyoning'inia kwenye pete za makaa na kuvigeuza methani, bila msaada wa bakteria. Ugunduzi ule ulikuwa mkubwa, kwa sababu kabla yake kila mtu alidhani kiungo hicho cha msururu lazima kiwe na watu wawili. Lakini arkea huyo huchukua vikundi vya pembeni tu. Pete zenyewe hubaki.

Jambo la kuzingatia katika msururu huu ni hidrojeni. Wale wa hatua ya tatu hupata nishati kidogo mno katika kazi yao, na hiyo kidogo huipata tu ikiwa hidrojeni majini imeshuka sana, chini ya takriban sehemu moja ya elfu kumi ya shinikizo la angahewa. Anayeishusha ni mtengeneza methani, kwa kuila. Akidhoofika, hidrojeni hupanda, hatua ya tatu hukwama, asidi hujaa, uchachu huongezeka, na uchachu humdhoofisha mtengeneza methani zaidi. Mtambo wa samadi "uliochacha" hufa kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mtambo wa samadi unaweza kuokolewa kwa kupunguza mlo na kutia chokaa, wakati tabaka la makaa lililo mita 200 chini halikorogeki.

Wanachohitaji

Kwanza, oksijeni isiwepo kabisa. Watengeneza methani huzuiwa na kiasi kidogo sana cha oksijeni, na wengi hufa. Pili, joto linalofaa. Jumuiya nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 40 za Selsiasi, nyingine za wapenda joto hufika 55 hadi 65. Tabaka lililowahi kupashwa kupita takriban nyuzi 80 katika historia yake huwa lilipoteza wakazi wake, na hupata wengine ikiwa tu maji ya mvua yalipenya baadaye kupitia nyufa na kuwaleta. Tatu, uchachu uwe karibu na kati, pH ya 6.5 hadi 7.5. Nne, chumvi isizidi: maji matamu au ya chumvi kidogo ni bora.

Tano, na hili huwaponza wengi, maji yasiwe na salfeti nyingi. Wapo bakteria wanaopumua salfeti kama sisi tunavyopumua oksijeni, nao hupata nishati kubwa zaidi kutokana na hidrojeni na asetiki ileile. Panapokuwa na salfeti, hula wao kwanza, na badala ya methani hutoka hidrojeni salfidi, gesi yenye harufu ya yai viza, yenye sumu, na inayokula mabomba. Kutia mbolea ya salfeti ya amonia kama chanzo cha nitrojeni kwenye tabaka la makaa ni kosa la aina hii: nitrojeni imefika, lakini umemlisha mshindani.

Makaa yana kaboni kupita kiasi na upungufu wa karibu kila kitu kingine ambacho seli inahitaji. Nitrojeni iliyomo imefungwa ndani ya pete, fosforasi ni haba. Kwa hiyo wanaochochea vijidudu huwapa amonia, fosfeti na madini kidogo: chuma, kobalti, molibdeni na hasa nikeli. Nikeli si ya hiari. Kimeng'enya cha mwisho kinachotoa methani, katika watengeneza methani wote, hufanya kazi kwa msaada wa molekuli yenye atomu ya nikeli katikati yake. Bila nikeli hakuna methani, hata mengine yote yakiwepo.

Ndani ya chupa, na mtego wake

Jaribio la maabara ni rahisi kulieleza. Makaa husagwa hadi chembe ndogo kuliko milimita moja. Gramu 5, tuseme, hutiwa kwenye chupa ya kioo yenye mililita 100 za maji yenye madini, na hewa hufukuzwa kwa kupitisha nitrojeni. Hutiwa kemikali ya kunyonya oksijeni iliyobaki, na rangi ya resazurini ambayo hugeuka waridi oksijeni ikiingia. Huongezwa maji yenye vijidudu kutoka kisima cha makaa. Chupa hufungwa kwa kizibo kinene cha mpira na kifuniko cha alumini, kisha huwekwa gizani kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Kila wiki sindano huchota gesi kidogo juu ya maji, nayo hupimwa kwa kromatografia, njia ya kutenganisha gesi na kupima kila moja. Subira ni ya miezi. Hata kwenye chakula tele, watengeneza methani wanaotumia asetiki huhitaji siku moja hadi kadhaa kugawanyika mara moja tu.

Mtego upo kwenye chakula cha nyongeza. Wengi hutia dondoo la hamira, unga unaotokana na seli za hamira zilizopasuliwa, kwa sababu lina nitrojeni, vitamini na madini yote kwa pamoja. Linafanya kazi vizuri mno. Lakini dondoo la hamira lenyewe huliwa na kugeuka methani. Tufanye hesabu: ukitia gramu 1 kwa lita, chupa yetu ya mililita 100 ina gramu 0.1. Kinadharia, kiasi hicho kinaweza kutoa hadi mililita 40 hivi za methani. Makaa yetu gramu 5, yakitoa mita moja ya ujazo kwa tani, yatatoa mililita 5. Asiyejua atapima mililita 30, atashangilia, na kuandika kwamba makaa yametoa mita sita kwa tani. Huenda hayakutoa kitu.

Dawa yake ni chupa za kulinganisha: moja yenye vijidudu na chakula bila makaa, moja yenye makaa na vijidudu bila chakula, moja yenye kila kitu lakini iliyochemshwa ili vijidudu wafe. Kinachohesabika ni tofauti. Binafsi, ripoti isiyoonyesha chupa ya bila makaa siihesabu kuwa ushahidi wa chochote.

Mtego mwingine ni kusaga kwenyewe. Kipande cha sentimita moja kikisagwa kuwa chembe za sehemu ya kumi ya milimita, uso unaofikika huongezeka mara mia. Chini ya ardhi hakuna anayesaga. Matokeo ya chupa ni ya juu kuliko kile tabaka linaweza kutoa kwa muda uleule. Aidha, gesi ya chupani hupanda kwa wiki kadhaa kisha hutulia, hata kama asilimia 99 ya makaa bado ipo. Kile chepesi kimeliwa, kilichobaki ni pete zilizoungana. Baadhi ya watafiti huyalainisha makaa kwanza kwa peroksaidi ya hidrojeni au magadi makali ili yaachie asidi zinazolika. Hufaa, lakini kemikali hizo hugharimu, na peroksaidi inayobaki hutoa oksijeni inayowaua wale wale unaotaka wastawi.

Hesabu ambayo vichwa vya habari huiruka

Chukua tani moja ya makaa yenye kilo 600 za kaboni. Kama yote yangeliwa hadi mwisho, zaidi kidogo ya nusu ya kaboni ingekuwa methani na iliyobaki kaboni dioksidi. Hiyo ni takriban mita za ujazo 600 za methani. Ingehitaji pia zaidi ya nusu tani ya maji, kwa sababu makaa hayana hidrojeni ya kutosha na vijidudu huichukua majini. Watu wengi hudhani maji ni makazi ya vijidudu tu. Kumbe ni malighafi.

Lakini hayaliwi yote. Asilimia moja ikiliwa, ambayo tayari ni matokeo mazuri, tani hiyo itatoa mita 6 za ujazo. Linganisha na samadi: tani moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban mita 20 hadi 30 za bayogesi, zaidi ya nusu yake ikiwa methani, ndani ya mwezi au miezi miwili. Samadi inayashinda makaa waziwazi. Hilo ndilo jibu kwa anayetaka kutia makaa kwenye mtambo wa nyumbani: hutapata gesi ya maana, utajaza tangi mashapo yasiyooza, na makaa yenye salfa yanaweza kukuongezea gesi yenye sumu.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu ya ukubwa wa tabaka. Tabaka lenye unene wa mita 10 chini ya kilomita moja ya mraba lina makaa takriban tani milioni 13. Sehemu moja tu kwa elfu ikigeuzwa, ni mita za ujazo karibu milioni 8, bila kuchimba mgodi, bila mtu kushuka chini, na kwa kutumia visima ambavyo pengine vilikwisha kuchimbwa na gesi yake ya kwanza imeisha. Mantiki yote ya teknolojia hii imekaa hapo: mavuno madogo sana kutoka kwenye mwamba mkubwa sana.

Kwenye kisima chenyewe

Kazi huanza kwa kupima, si kwa kumwaga dawa. Maji ya kisima huchunguzwa salfeti, chumvi, uchachu, nitrojeni, fosforasi, na chembe za kurithi za vijidudu waliomo. Mara nyingi jumuiya kamili ipo tayari, ina njaa tu. Ndiyo maana kuleta vijidudu wageni kutoka maabara kwa kawaida hakufai: hunata kwenye mita chache za kwanza, au huzidiwa na wenyeji waliozoea mahali. Kuwalisha wenyeji ni njia bora zaidi.

Kisha chakula huchanganywa na maji ya tabaka lilelile, yaliyotunzwa yasiguse hewa, na kurudishwa chini. Kisima hufungwa kwa miezi. Baadaye hufunguliwa, maji huvutwa, na gesi huja.

Yanayoharibika yanajulikana. Chakula hakisafiri: vijidudu walio karibu na kisima hukila chote, huota utando mzito, na huziba nyufa ambazo gesi ingepitia. Suluhisho la kawaida ni kutia kidogo kwa vipindi, au kusukuma fosforasi na nitrojeni kwa nyakati tofauti ili visikutane hadi vifike mbali. Fosfeti ikikutana na kalsiamu nyingi majini hugeuka mashapo na kuziba pia. Maji yaliyotiwa kwa uzembe huja na oksijeni, na kwa wiki kadhaa hakuna kinachotokea. Na gesi mpya inaweza isionekane juu hata ikiwa imetengenezwa, kwa kuwa hunata kwenye makaa kwanza.

Hilo la mwisho huleta swali gumu kuliko yote: gesi ikiongezeka, utajuaje kwamba ni mpya, na si ya zamani iliyoachia kwa sababu ulichezea shinikizo? Jaribio la Shirika la Jiolojia la Marekani katika bonde la Powder River, lililochapishwa mwaka 2022, lilijibu kwa njia safi. Watafiti walitia kisimani lita 200 tu za maji yenye dondoo la hamira kwa asilimia 0.1, yaani gramu 200 hivi, pamoja na maji mazito ambayo hidrojeni yake inaweza kutambuliwa. Methani iliyotengenezwa baada ya hapo ilibeba alama hiyo, kwa sababu vijidudu huchukua hidrojeni majini. Vipimo vitatu tofauti vilionyesha kwamba methani iliongezeka hadi zaidi ya mara mbili ya kiwango cha awali. Ni kisima kimoja na dozi ndogo, lakini ni ushahidi wa chini ya ardhi, si wa chupa.

Biashara imekuwa ngumu zaidi. Luca Technologies ya Colorado, iliyokuwa mstari wa mbele kuchochea visima vya Powder River, iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika mwaka 2013. Bei ya gesi Marekani ilikuwa imeshuka sana kutokana na gesi nyingi ya miamba ya shale, na mavuno madogo ya polepole hayavumilii bei ya chini. Vilevile, kutia chakula cha vijidudu chini ya ardhi nchini humo kunaangukia sheria ya maji salama ya kunywa ya mwaka 1974, na ni haki iwe hivyo. Vipande vinavyong'olewa kwenye makaa ni pamoja na fenoli, kemikali yenye sumu, na tabaka la makaa mara nyingi ndilo hilohilo linalolisha visima vya mifugo na vya watu.

Kuhusu hofu na matumaini

Hofu kwamba vijidudu watatoroka na kula makaa yote haina msingi. Wako huko tayari, tangu zamani, na makaa bado yapo. Hewa huwazuia, njaa ya fosforasi huwazuia, na pete za kaboni huwazuia kuliko vyote.

Matumaini kwamba gesi hii ni "ya kijani" kwa sababu imetengenezwa na viumbehai nayo hayana msingi. Bayogesi ya samadi hurudisha angani kaboni ambayo majani yaliivuta mwaka jana au juzi. Bayogesi ya makaa hutoa kaboni iliyofungiwa mamilioni ya miaka. Mkono ulioitengeneza haubadilishi hilo. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba methani ikichomwa hutoa takriban asilimia 55 hadi 60 ya kaboni dioksidi ambayo makaa yangetoa kwa nishati ileile, bila majivu na karibu bila masizi.

Faida hiyo hushikilia ikiwa tu gesi haivuji. Kilo 100 za methani zikichomwa hutoa kilo 275 za kaboni dioksidi. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani isiyochomwa hupasha dunia joto sawa na kilo 28 hivi za kaboni dioksidi. Kwa miaka 20 ni zaidi ya 80. Kwa hiyo zikivuja kilo 3 au 4 katika kila 100, athari ya miaka 20 hukaribia kuongezeka maradufu. Na mahali pa kuvuja ni pengi: saruji ya kisima cha zamani iliyopasuka, valvu za juu ya kisima, na hasa maji yanayovutwa pamoja na gesi, ambayo yakifika kwenye tangi la wazi huachia methani iliyoyeyuka ndani yake moja kwa moja hewani. Tangi hilo likifunikwa na gesi yake ikarudishwa kwenye bomba, sehemu ya hasara hiyo huokolewa kwa vifaa vya kawaida kabisa. Likiachwa wazi, hakuna mita ya kisimani itakayoionyesha.